Nani aongoze kliniki? Kisa cha Carl Rogers, kutoka mwanafunzi wa vitendo hadi kiongozi wa fani

Mwishoni mwa miaka ya 1930, mji wa Rochester katika jimbo la New York ulikuwa unaanzisha kituo kipya cha kuwahudumia watoto wenye matatizo ya tabia na hisia. Kituo hakikuanza patupu. Kilikua kutoka kwenye idara ndogo iliyokuwapo tayari, na mkuu wa idara hiyo alikuwa Carl Rogers, mwanasaikolojia aliyekwisha kufanya kazi mjini hapo kwa takriban muongo mzima. Madaktari wa magonjwa ya akili wakapinga yeye kuwa mkurugenzi. Hawakusema kazi yake ni mbovu. Hoja yao ilikuwa moja tu: karibu kliniki zote za namna hiyo nchini Marekani zinaongozwa na daktari, basi na hii iongozwe na daktari.

Mshauri nasaha kijana anayeanza kazi Nairobi, Dodoma au Kampala hukutana na swali hilohilo mapema. Je, mimi ni msaidizi wa daktari siku zote, au fani yangu inaweza kunifikisha mahali pa kuongoza? Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki. Rogers anafundishwa karibu kila darasa la unasihi, lakini mara nyingi anafundishwa kama nadharia: uelewa wa hisia za mteja, ukweli wa nafsi, kumkubali mteja bila masharti. Mwanafunzi anayakariri kwa ajili ya mtihani. Safari yake ya kikazi haisemwi sana, na kwa maoni yangu humo ndimo mna somo kubwa zaidi kwa anayetaka kukua katika kazi hii. Naamini kilichompa Rogers nguvu siku ya mvutano ule hakikuwa cheti. Ilikuwa ni kazi aliyoifanya kwa miaka, akaiandika, kisha akawa tayari wenzake waikague.

Mwaka wa vitendo

Alizaliwa mwaka 1902 huko Oak Park, karibu na Chicago, katika familia ya Kiprotestanti iliyoshika dini na kazi kwa mkono mmoja. Chuoni Wisconsin alianza na kilimo, akahamia historia, akilenga uchungaji. Mwaka 1924 aliingia Union Theological Seminary jijini New York. Huko yeye na wenzake waliomba kitu kisicho cha kawaida: semina isiyo na mhadhiri wa kuwaongoza, ambayo maswali yake yangekuwa yao wenyewe. Chuo kikakubali. Semina hiyo iliwatoa baadhi yao katika njia ya uchungaji kabisa, Rogers akiwamo. Akavuka barabara, kwa maana halisi, akaenda kusomea saikolojia Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia.

Mwaka 1927 alipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika Institute for Child Guidance, taasisi iliyokuwa imefunguliwa muda mfupi tu jijini humo kwa fedha za mfuko wa hisani wa Commonwealth Fund. Tukio la kwanza la mwaka huo lilitokea hata kabla hajaanza. Alikuwa ameahidiwa posho ya dola 2,500 kwa mwaka. Baadaye akaandikiwa kwamba kiasi hicho ni cha madaktari, na kwa kuwa yeye ni mwanasaikolojia atapewa dola 1,200. Rogers, mwenye mke na mtoto mchanga, aliandika barua kali ya kupinga. Akalipwa zile 2,500.

Tukio hili ni dogo, lakini nalitilia uzito. Miaka zaidi ya kumi kabla ya mvutano wa Rochester, mwanafunzi huyu alikwisha kuonyeshwa mahali pake katika ngazi, na akakataa kupaona kuwa pa halali. Hakugomba na daktari yeyote wala hakudharau udaktari. Alidai alichoahidiwa.

Ndani ya taasisi alikuta dunia mbili zisizosalimiana. Columbia alikuwa anafundishwa kupima: takwimu, majaribio, uthibitisho. Kwenye taasisi, hewa yote ilikuwa ya Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya kuchimba yaliyofichika akilini: ndoto, migogoro iliyozikwa utotoni, tafsiri. Mwanafunzi wa vitendo huwa anaombwa achague upande, tena haraka, kwa sababu msimamizi wake ndiye anayejaza fomu ya tathmini. Rogers hakuchagua. Alijifunza kuandika historia ndefu ya kila mtoto kama taasisi ilivyotaka, na wakati huohuo akawa anaandaa tasnifu yenye vipimo kama Columbia ilivyotaka. Alfred Adler, daktari wa Austria aliyekuwa ameachana na Freud, alipokuja kuhutubia, akasema kwamba historia zile ndefu hazina ulazima, wafanyakazi walishtuka. Rogers naye alishtuka. Ilimchukua miaka kuona kwamba mzee yule alikuwa na hoja.

Kazi iliyoonekana haina mbele

Mwaka 1928 alipata ajira Rochester, katika idara ya uchunguzi wa watoto ya chama cha kuzuia ukatili dhidi ya watoto. Idara ilikuwa na wanasaikolojia watatu. Mshahara ulikuwa dola 2,900 kwa mwaka, na mtoto wa pili alikuwa njiani. Kitaaluma ilikuwa kazi isiyo na mbele: mbali na chuo alichosomea, mbali na wenzake wa fani, na wateja wake walikuwa watoto walioletwa na mahakama na mashirika ya ustawi wa jamii, yaani watoto ambao kila mtu alikwisha kuchoka nao. Alikaa humo miaka 12.

Wasimulizi wengi huipita miaka hii mbiombio ili wafike kwenye vitabu na vyeo. Mimi naona hapo ndipo kiini cha kisa. Kila siku Rogers alikuwa na mtoto mbele yake na uamuzi wa kutoa: arudi kwao, apelekwe familia ya kulea, apelekwe bweni, au aanze vikao. Hakuwa na muda wa kushabikia mkondo wa nadharia. Swali alilojiuliza, kwa maelezo yake mwenyewe, lilikuwa kama njia fulani inafaa au haifai. Shahada ya uzamivu aliimaliza mwaka 1931 akiwa kazini, kwa kutunga kipimo cha hali ya kisaikolojia kwa watoto wa miaka 9 hadi 13, na kipimo hicho kilitumika kwa miaka mingi baadaye.

Matukio matatu ya kipindi hicho yalimbadilisha. La kwanza ni la kijana aliyekuwa anachoma moto majengo. Rogers alikuwa anayaheshimu sana maandishi ya William Healy, daktari wa magonjwa ya akili aliyefundisha kwamba uhalifu wa mtoto mara nyingi una mgogoro uliofichika chini yake. Akamhoji kijana siku baada ya siku katika nyumba ya mahabusu ya watoto, mpaka akaupata huo mgogoro. Akaamini kazi imekwisha. Kijana akaachiliwa kwa uangalizi, akachoma moto tena. La pili ni la mahojiano na mzazi ambayo Rogers alikuwa akiyasifu na kuyafundishia. Aliporudi kuyasoma miaka kadhaa baadaye aliona ni kama wakili anamhoji mshtakiwa: maswali ya werevu, ya kumsukuma mama akiri kosa lake.

La tatu nalieleza kwa kirefu. Alikuwapo mama mmoja, mwerevu, ambaye mwanawe alikuwa mtundu kupita kiasi. Rogers alikwisha kuamua tatizo liko wapi: mama alimkataa mtoto tangu utotoni. Kikao baada ya kikao alimwelekeza kwa upole aione hali hiyo. Mama hakuiona. Hatimaye Rogers akasema kwamba wote wawili wamejitahidi na hawajafika popote, basi ni heri waache. Mama akakubali, wakapeana mikono, akaelekea mlangoni. Kisha akageuka na kuuliza kama hapo huwa wanapokea watu wazima kwa ushauri. Rogers akajibu ndiyo. Mama akarudi, akaketi, akaanza kumwaga yaliyomo moyoni: ndoa yake, kukata tamaa kwake, kushindwa kwake. Hayakufanana hata kidogo na ile historia nadhifu aliyoitoa mwanzoni. Ushauri wa kweli ulianzia hapo, na mtoto naye akapata nafuu.

Wakufunzi wengi huishia hapo wakisema: tazama, mteja ndiye anayejua panapouma. Ni kweli, lakini kwa mtu anayechambua safari ya kikazi kuna jambo jingine. Rogers alikuwa tayari mkuu wa idara wakati huo. Alikuwa na cheo, uzoefu na nadharia. Bado aliweza kukiri mbele ya mteja kwamba njia yake imeshindwa, na alipopewa mlango mwingine akauingia. Asingesema "tumeshindwa", mama asingepata nafasi ya kugeuka.

Hapa kwetu watu wengi walikutana na unasihi kwa mara ya kwanza katika ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa virusi vya ukimwi. Neno hiari lilibandikwa mlangoni, na mshauri alifundishwa kwamba uamuzi wa kupima ni wa mteja. Mshauri aliyelelewa katika kazi hiyo analielewa tukio la mama wa Rochester bila kuelezwa sana. Ameshawahi kukaa na mtu aliyesema leo sipimi, akamwacha aende, akamwona amerudi wiki nyingine kwa miguu yake.

Nyumba ya kitaaluma

Jambo linalosahaulika ni kwamba uongozi wa Rogers haukuanzia katika saikolojia. Alipokwenda kwenye mikutano ya chama cha wanasaikolojia alikuta mada zimejaa panya wa maabara na namna wanavyojifunza. Hakuona zinamhusu mtoto aliyemwacha ofisini. Chuo Kikuu cha Rochester kilipomwita kufundisha, alifundisha kupitia idara ya sosholojia, baadaye elimu, kwa kuwa idara ya saikolojia haikuhesabu kazi yake kuwa saikolojia. Waliozungumza lugha yake walikuwa maofisa ustawi wa jamii wanaoshughulika na wagonjwa wa akili. Akajiunga nao, akashika nyadhifa katika chama chao mjini na hata ngazi ya taifa.

Kutoka kwao pia alipata mawazo. Baadhi walikuwa wamefundishwa Philadelphia chini ya mvuto wa Otto Rank, mfuasi wa zamani wa Freud, aliyesisitiza utashi wa mteja na uhusiano wa sasa kuliko kuchimba yaliyopita. Mwaka 1936 Rank mwenyewe alikaribishwa Rochester kwa semina fupi. Nadharia ambayo leo inabeba jina la Rogers ilipitia mikononi mwa watu ambao kwenye ngazi ya hospitali ya wakati ule walikaa chini hata ya wanasaikolojia. Ningependa kila mwanafunzi wa unasihi anayemdharau ofisa ustawi wa jamii wa wilaya yake alijue hilo.

Mvutano

Sasa turudi kwenye kiti. Mvutano wa nani aongoze ulidumu kwa miezi mingi na ulikuwa mkali. Uamuzi ulipotoka, Rogers akawa mkurugenzi wa kwanza wa Rochester Guidance Center mwaka 1939.

Kwa nini alishinda? Naona sababu tatu, na hazina uzito sawa. Ya kwanza, wapinzani wake hawakuwa na la kusema kuhusu ubora wa huduma yake, na mashirika ya mji yaliyomletea watoto yalikuwa yakiona matokeo mwaka baada ya mwaka. Ya pili, alikuwa na marafiki wa fani nyingine waliomfahamu kupitia kazi za chama. Ya tatu, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, alikuwa ameandika. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu matibabu ya watoto wenye matatizo, kilitoka mwaka huohuo wa 1939, na kilikuwa zao la vikao vya Rochester. Mtu aliyeandika anafanya nini, kwa nani, na kwa matokeo gani, ni vigumu kumwondoa kwa hoja kwamba watu wa aina yake huwa hawaongozi.

Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, inayoweka bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Ni hatua kubwa, na waliopigania wanastahili heshima. Lakini sheria inakulinda jina. Mbele ya jopo la hospitali linaloamua nani asimamie kitengo, mshauri asiye na kumbukumbu za kazi yake, asiye na takwimu za wateja waliorudi na walioacha, asiyewahi kuwasilisha kisa hata kimoja kwenye mkutano wa wenzake, atashindwa hata akiwa na leseni ukutani. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wengi hodari wakimaliza kikao, wakiandika mistari miwili kwenye faili, na hekima yote waliyoipata siku hiyo inaondoka nao wakienda kupanda daladala.

Kuweka kazi wazi

Rogers hakukaa sana kwenye kiti alichokipigania. Chuo Kikuu cha Ohio State kilimpa uprofesa kamili, na mwanzoni mwa 1940 akahama. Yeye mwenyewe aliamini ni kile kitabu kilichomfungulia mlango. Tarehe 11 Desemba 1940 alitoa mhadhara Chuo Kikuu cha Minnesota, ngome ya ushauri wa kuelekeza, yaani ule wa mshauri kumwambia mteja la kufanya, akaeleza njia mpya ambayo mshauri hatoi amri wala tafsiri. Aliwaudhi wengi na kuwavutia wengi, na baadaye akaihesabu siku hiyo kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwa tiba inayomweka mteja katikati.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiona ya uongozi hasa. Ohio State yeye na wanafunzi wake walianza kurekodi vikao kwa santuri, ambazo kila upande ulijaa baada ya dakika chache tu. Mwaka 1942 alichapisha kisa kizima cha mteja aliyepewa jina la Herbert Bryan, vikao vinane, neno kwa neno. Hakuna aliyewahi kuchapisha matibabu kamili namna hiyo. Hadi wakati huo, kilichotokea chumbani kilijulikana kwa simulizi ya mshauri peke yake. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliweza kusoma na kuonyesha mahali ambapo mshauri alijibu vibaya.

Vyeo vikaja kwa kasi. Aliongoza chama cha saikolojia tumizi mwaka 1944 hadi 1945, kikaunganishwa na chama kikuu cha wanasaikolojia wa Marekani, akawa rais wa chama hicho kikuu mwaka 1946 hadi 1947. Ni chama kilekile alichokiacha kwa sababu ya panya.

Chicago, kuanzia 1945, alianzisha kituo cha ushauri ambacho maamuzi yake yalifanywa na wafanyakazi kwa pamoja. Huko pia alianguka. Karibu na mwaka 1949 alikuwa na mteja mwenye hali nzito sana, akaendelea naye hata alipohisi kwamba yeye mwenyewe anapoteza mwelekeo. Mwishowe alimkabidhi kwa mwenzake ghafla, akaondoka mjini na mkewe Helen kwa zaidi ya miezi miwili. Aliporudi, mmoja wa wafanyakazi wake alijitolea kumpa tiba, naye akakubali kuwa mteja wa mtu aliyekuwa chini yake kikazi. Haya tunayajua kwa sababu aliyaeleza hadharani. Rais mstaafu wa chama cha taifa, akikaa kwenye kiti cha mteja. Kwetu, ambako kiongozi akichoka husemekana ana safari ya kikazi, mfano huu unahitaji kusomwa polepole katika kila mafunzo ya wasimamizi.

Palipovunjika

Mwaka 1957 alihamia Wisconsin, akiwa na nafasi katika idara ya saikolojia na ya magonjwa ya akili kwa pamoja. Ule mpaka aliougombania Rochester sasa ulikuwa umefunguliwa rasmi. Akaanzisha utafiti mkubwa katika hospitali ya Mendota, kuona kama njia yake ingewafaa wagonjwa waliolazwa kwa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili unaomtenga mtu na uhalisia. Timu ilikuwa kubwa, na aliiongoza kwa mtindo wa Chicago: imani, uhuru, maamuzi ya pamoja. Kisha mwaka 1962 akaenda Stanford kwa mwaka mmoja wa masomo. Nyuma yake ugomvi ukazuka juu ya nani ana haki ya takwimu na nani ataandikwa mwandishi. Sehemu ya takwimu ikapotea, ikabidi kazi ya kuchambua irudiwe.

Baadhi ya wanaomtetea husema alisalitiwa. Sikubaliani nao. Katika Chicago uhuru wa wafanyakazi ulifanya kazi kwa sababu Rogers alikuwa ndani ya vikao, akisikia mnung'uniko ungali mdogo. Wisconsin hakukuwa na maandishi ya kueleza nani anamiliki nini, na aliyekuwa analishikilia kundi kwa uwepo wake hakuwapo. Mshauri anayepandishwa kuwa mkuu wa kitengo huku akitegemea usikivu wake peke yake yuko katika hatari hiyohiyo. Usikivu hauandiki mkataba wa takwimu, wala hauamui ni nani anayeweka sahihi.

Alijiuzulu chuo kikuu, akahamia La Jolla, California, mwaka 1964. Ripoti ya utafiti ilitoka 1967. Kwa jumla, wagonjwa waliopewa tiba hawakutofautiana sana na wale ambao hawakupewa. Tofauti ilionekana ndani ya kundi lenyewe: waliopata mshauri mwenye uelewa mkubwa walielekea kupata nafuu, na waliopata mshauri aliyepungukiwa nao walielekea kuwa na hali mbaya zaidi. Matokeo hayo yanasema kwamba mshauri dhaifu anaweza kudhuru, na yalichapishwa kwa jina la Rogers.